Mbwa, sungura wa chuma na dau la jioni: maswali yenu na majibu

Mbio za mbwa zimeingia miji yetu kupitia runinga za vibanda vya kubeti, na maswali mengi ya safari hii yameanzia huko. Mengine yametoka kwa Waswahili walioko Uingereza na Omani. Mbwa mwenyewe tutamwita grehaundi, na boksi anamofungiwa kabla ya kuachiwa tutaliita kizimba.

Shikamoo mhariri. Mwanangu anabisha kwamba mbio hizi zilianza kwa mafarao wa Misri. Ni kweli? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Mwanao ameona picha, na picha zipo kweli: mbwa wembamba, miguu mirefu, wamechorwa kwenye kuta za makaburi ya Misri. Lakini kufanana si undugu. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2004 ulimweka grehaundi wa leo karibu na mbwa wa Ulaya wa kuchunga kondoo, mbali na saluki wa Mashariki ya Kati. Anafanana na mbwa wa farao kwa sababu kazi ilikuwa moja, yaani kumkimbiza mnyama mahali peupe kwa kumwona kwa macho, si kwa kunusa.

Mzizi wa mchezo wenyewe unaonekana vizuri zaidi kwa Arrian, mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 2, aliyeeleza jinsi Waselti, watu wa kale wa Ulaya ya magharibi, walivyowinda sungura kwa mbwa wa namna hii. Alisisitiza kwamba mwindaji wa kweli hatoki ili apate nyama. Anatoka kutazama shindano, na sungura akiponyoka hufurahi.

England ndiko shindano hilo lilikopewa kanuni. Enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, Duke wa Norfolk, mmoja wa makabaila wakubwa, alitunga sheria zake. Chama cha kwanza cha wenye mbwa kiliundwa Swaffham mwaka 1776, na kuanzia 1836 shindano kubwa kabisa, Waterloo Cup, likawa linafanyika Altcar karibu na Liverpool. Walikimbia mbwa wawili tu. Mtu mmoja aliwashika wote kwa ukanda mmoja wenye kola mbili zinazofunguka kwa pamoja. Sungura alipewa nafasi ya mita 70 na zaidi kabla mbwa hawajaachiwa, na mwamuzi alifuata juu ya farasi akihesabu pointi: 1 hadi 3 kwa kasi, 1 kwa kila mara mbwa alipomlazimisha sungura kugeuka, nusu kwa kumyumbisha kidogo. Kumuua sungura hakukuzidi pointi 2, kwa hiyo mbwa aliyeua aliweza kabisa kushindwa. Mchezo huo ulipigwa marufuku England kwa sheria ya 2004, na Waterloo Cup ya mwisho ilichezwa Februari 2005.

Nani aliyebuni sungura wa bandia? Nimesoma majina mawili tofauti. (Msomaji, Morogoro)

Jaribio la mapema linalojulikana sana lilifanyika Hendon, kaskazini mwa London, Septemba 1876. Sungura wa bandia aliwekwa kwenye reli iliyolala chini kwa urefu wa yadi 400, kama mita 365, akavutwa kwa gurudumu la kuzungushwa kwa mkono. Mbwa walimfukuza vizuri tu. Kilichoshindikana ni njia yenyewe, kwa kuwa ilikuwa mstari ulionyooka. Penye mstari ulionyooka mbwa mwenye kasi kubwa hushinda leo, kesho na keshokutwa, na hakuna mtu anayelipa kiingilio kutazama jibu analolijua. Wazo lile likalala karibu nusu karne.

Aliyelifufua ni Mmarekani Owen Patrick Smith. Alikuwa ameandaa mashindano ya sungura hai huko South Dakota mwanzoni mwa karne ya 20, na mauaji ya sungura yakamchosha. Akatumia miaka mingi kujaribu mitambo, na mwaka 1919 akafungua kiwanja Emeryville, California, chenye reli ya mviringo na chambo kinachosukumwa na mota ya umeme. Ule mviringo ndio uliobadilisha mambo. Kwenye kona mbwa husongamana, mwenye kasi hubanwa, mwenye akili hupita kwa ndani, na matokeo hayatabiriki tena. Emeryville penyewe hapakudumu. Mtambo ulihamia majimbo mengine, na Florida ukakutana na taa za usiku pamoja na watalii wenye pesa.

Kwa hiyo majina yote mawili yana haki yake: Hendon ilitangulia kwa wazo, na Smith alilifanya lifanye kazi.

Kwa nini mchezo wa Marekani ulishika moto Uingereza kuliko kwao? (Msomaji, Nairobi)

Hapa ndipo penye kiini cha historia yote, na ukipaelewa hapa, mengine yote yanafuata. Mbwa alikuwepo miaka elfu mbili. Kilichokosekana kilikuwa jioni, umeme na dau halali, na Uingereza ya 1926 ilivipata vyote vitatu mahali pamoja.

Mmarekani Charles Munn alipeleka wazo, akamshawishi Brigedia Jenerali Alfred Critchley, na kampuni yao ikajenga kiwanja cha Belle Vue, Manchester. Mbio za kwanza zilikimbiwa Jumamosi, 24 Julai 1926. Walikuja watu wapatao 1,700 tu. Mbwa Mistley alishinda ya kwanza, yadi 440 kwa sekunde 25, yaani kama kilomita 58 kwa saa. Wiki chache baadaye waliohudhuria walikuwa zaidi ya elfu kumi kwa usiku mmoja, na kufikia mwisho wa 1927 nchi ilikuwa na viwanja vipatavyo 40, ukiwemo White City wa London.

Siri ilikuwa kwenye sheria. Tangu 1906 kubeti kwa fedha taslimu barabarani kulikuwa kosa la jinai. Tajiri alipiga simu kwa wakala akabeti kwa mkopo, lakini mfanyakazi wa kiwandani mwenye shilingi yake mkononi hakuwa na njia halali ila kwenda uwanjani. Viwanja vya farasi vilikuwa mbali mashambani, na mbio zake zilikimbiwa mchana wa siku za kazi. Kiwanja cha mbwa kilikuwa mtaani kwake, kilifunguliwa baada ya king'ora cha kutoka kazini, na kiingilio chake kilikuwa cha bei ya mtu wa kawaida. Mbio moja huisha kwa nusu dakika, inayofuata huja baada ya robo saa hivi, na kabla ya saa tano usiku mtu amerudi nyumbani.

Serikali na makanisa walilalamika, na sheria ya 1934 ikaruhusu mashine za kugawana dau viwanjani (madau yote hukusanywa, kisha hugawiwa walioshinda) lakini ikaweka kikomo cha siku 104 za kubeti kwa mwaka. Watu hawakupungua. Baada ya vita, mwaka 1946, mahudhurio yalipita milioni 30.

Kisha tarehe 1 Mei 1961 maduka ya kubeti yakahalalishwa mitaani, na sababu ya kwenda kiwanjani ikaondoka siku hiyohiyo. Tangu 1967 viwanja vingi vimekuwa vikiendesha mbio za mchana ili wateja wa madukani wapate cha kubetia, hata kama majukwaa ni matupu. White City ilifungwa 1984, Walthamstow 2008, Wimbledon 2017, na Belle Vue, mchezo ulikoanzia, 2020.

Mick the Miller alikuwa na nini hasa? (Msomaji, Kampala)

Alikuwa na akili ya kona. Mbwa huyu wa Ireland, aliyefugwa na padri wa kijijini, alishinda Derby ya Kiingereza, shindano kubwa kabisa la grehaundi nchini humo, 1929 na 1930 mfululizo, na ndiye wa kwanza kukimbia yadi 525 (mita 480) chini ya sekunde 30. Kuna waliokuwa na kasi kuliko yeye kwenye njia iliyonyooka. Yeye alisubiri wenzake wagongane kwenye kona ya kwanza, kisha akapita penye mwanya. Alikufa 1939, na mwili wake uliokaushwa umehifadhiwa kwenye makumbusho ya Tring, England.

Naomba mnieleze mtambo wa sungura unavyofanya kazi. Je, mbwa hawamkamati? (Fundi umeme, Dodoma)

Swali la kifundi, tulijibu kifundi. Kuna kigari kidogo kinachotembea juu ya reli inayozunguka kiwanja, ama ukingo wa ndani ama wa nje. Kutoka kwenye kigari unachomoza mkono, na mwishoni mwa mkono hufungwa chambo: mdoli wa sungura, au kitambaa chenye manyoya, au siku hizi mfuko wa rangi kali unaopepea. Mitambo mingine huvutwa na kebo isiyo na mwisho inayozungushwa na mota iliyo nje ya njia; mingine ina mota ndani ya kigari na hupokea umeme kwenye reli.

Mwendesha chambo hukaa juu kwenye mnara, mkono wake ukiwa kwenye kidhibiti kasi. Kabla ya mbio humzungusha sungura akitokea nyuma ya vizimba ili mbwa wamsikie akija. Anapokuwa mita 10 hadi 12 mbele ya vizimba, milango ya mbele hufyatuka juu kwa pamoja. Kuanzia hapo kazi yake ni moja: kumweka sungura mbele ya mbwa anayeongoza kwa umbali uleule, karibu mita 10, hata mbwa huyo akibadilika mara tatu.

Makosa yako ya aina mbili. Akimwacha sungura karibu mno, mbwa wa mbele hunyoosha shingo na kuvunja mwendo, na wa nyuma humvamia. Akimkimbiza mbali mno, mbwa wa mwisho hawamwoni tena, hasa akiwa ameshapinda kona, na huyu ni mnyama anayefuata macho, si pua. Asipoona kitu hupunguza mwendo au huanza kucheza na wenzake. Mvua huongeza taabu, kwa sababu magurudumu huteleza kwenye reli na umeme hukatikakatika penye maungio. Chambo kikisimama katikati ya mbio, refa hutangaza mbio batili na madau hurudishwa. Hilo la pesa ndilo dogo. Kubwa ni mbwa kusimama ghafla na kurudi nyuma wakikutana uso kwa uso na wenzao.

Na hapana, kwa kawaida hawamkamati. Wakimaliza, sungura huingia mahali pa kujificha na wahudumu huwashika mbwa. Baadhi ya viwanja vya Australia huwaachia wauume mfuko wa chambo mwishoni, kwa hoja kwamba mbwa asiyepata kitu kabisa mwishowe huacha kukimbia kwa moyo. Kila mbwa huvaa kikapu cha mdomoni. Kazi yake ni kuzuia kung'atana, na pia kwenye picha ya kumalizia humsaidia mwamuzi kuona pua ya nani imetangulia.

Rangi za makoti zina maana? (Msomaji, Mwanza)

Ni namba za vizimba tu. Uingereza na Ireland mbwa ni sita: 1 nyekundu, 2 bluu, 3 nyeupe, 4 nyeusi, 5 chungwa, 6 mistari ya nyeusi na nyeupe. Australia ni wanane na rangi zake ni nyingine. Ukiona sita wenye mpangilio huo, basi mbio ni za Uingereza au Ireland, au ni mchezo wa kompyuta ulioiga huko.

Hapa mtaani wanaonyesha mbio za mbwa kila dakika chache. Ni za kweli? Namba 3 haijatoka raundi kumi, nikaiwekea. (Kijana wa kubeti, Mombasa)

Kijana, polepole. Mbio zinazokuja kila dakika tatu au tano, asubuhi hadi usiku, mbwa wakiwa na majina usiyoyaona mahali pengine, ni za kompyuta. Programu huchagua namba kwa nasibu, kisha huonyesha katuni inayolingana na namba iliyotoka. Nyingine hutumia picha za mbio za kweli zilizorekodiwa zamani, na hizo ndizo zinazowachanganya wengi, maana mchanga unaruka na mbwa wanagongana kabisa. Hata hivyo picha imechaguliwa na mashine. Hakuna mbwa aliyechoka, hakuna mvua, hakuna kizimba kizuri.

Ndiyo maana namba 3 haina deni na wewe. Mashine haikumbuki raundi kumi zilizopita. Kama nafasi yake ilikuwa moja kati ya sita jana, leo ni ileile.

Sasa tazama hesabu. Tuseme mbwa sita wana nafasi sawa na kila mmoja amepewa odi ya 5, yaani akishinda unalipwa mara 5 ya dau lako. Ukiweka shilingi 100 kwa kila mmoja, umetoa 600, na yeyote akishinda unapokea 500. Duka limebaki na 100 bila kujali nani ametangulia. Odi ya haki hapo ingekuwa 6. Na wanaotaka kutaja wa kwanza na wa pili kwa mpangilio wajue kuna namna 30 za kutokea. Watatu wa kwanza kwa mpangilio, namna 120. Odi inayong'aa kwenye skrini ipimwe kwa namba hizo kabla mkeka, yaani tiketi ya dau, haujachapwa.

Mbio za kweli zina taarifa za kusoma: uzito wa mbwa siku hiyo, nyakati zake za mbio zilizopita, kama hupenda ukingo wa ndani au wa nje, kama hutoka kizimbani kwa kuchelewa. Urefu wa mbwa mmoja huhesabiwa sekunde 0.08, kwa hiyo tofauti ya sekunde 0.24 ni mbwa watatu waliopangana. Hata huko wenye duka huchukua chao kwanza.

Mtu hawezi kumbadilisha mbwa akaleta anayefanana naye? (Msomaji, Arusha)

Wamejaribu sana, hasa miaka ya 1940. Ndiyo maana mbwa hupigwa chapa ya herufi sikioni akiwa mtoto, siku hizi pia huwekewa chipu chini ya ngozi, na ana kitabu kinachoeleza mabaka yake hadi rangi ya kila ukucha. Kabla ya mbio hupimwa uzito. Uingereza, akitofautiana kwa zaidi ya kilo 1 na uzito wake wa mbio iliyotangulia, haruhusiwi kukimbia.

Nasikia mbwa wengi huumia. Tatizo ni nini hasa? (Daktari wa mifugo, Iringa)

Kona ya kwanza. Mbwa sita wanatoka kwa mstari, wote wanataka nafasi moja karibu na reli, na wanaifikia kwa mita 16 hivi kwa sekunde. Kwenye kona yenye nusu-kipenyo cha mita 40, mwendo huo humvuta mbwa kwenda nje kwa nguvu inayokaribia theluthi mbili ya uzito wake. Mbio huenda kinyume na mwendo wa saa, kwa hiyo mwili hulalia kushoto kila mara, miaka yote. Matokeo yake unayajua kitaalamu: jeraha baya la kawaida ni kuvunjika kwa kifupa cha kati cha kifundo cha mguu wa nyuma wa kulia, mguu unaosukuma ukiwa upande wa nje.

Yanayopunguza madhara yanajulikana. Kona iwe na mwinamo ili mbwa aegemee ardhi badala ya kung'ang'ana nayo. Mchanga uwe na unyevu sawa kote, kwa kuwa mahali pakavu hubomoka chini ya mguu na penye maji huwa pagumu kama sakafu. Anayependa ndani apewe kizimba cha 1, anayependa nje cha 6. Ukiwabadilisha watakatizana njia mbele ya wenzao. Idadi ya mbwa ipunguzwe. Haya yote hupunguza tu. Kiwanja cha mviringo kiliundwa ili mbwa wakutane kwenye kona, na msongamano unaoleta burudani ndio uleule unaovunja mifupa.

Sisi huku Omani tunao saluki. Akishindanishwa na grehaundi nani atashinda? (Msomaji, Muscat)

Inategemea mwisho umewekwa wapi. Kwenye mita 480 grehaundi atamwacha saluki bila ubishi; misuli yake ni ya kulipuka. Mashindano ya saluki ya nchi za Ghuba hukimbiwa kilomita 2 na zaidi kwenye njia ya jangwani, chambo kikiwa mfano wa paa unaovutwa na gari, na hapo grehaundi angekuwa ameshaishiwa pumzi. Tofauti nyingine ni ya heshima: Mabedui huwa hawamweki saluki kundi moja na mbwa wa kawaida, humwita huru na kumlaza hemani, na mawindo ya mnyama aliyefunzwa yana ruhusa yake katika Sura ya Al-Maidah.

Mchezo huu bado upo wapi? (Msomaji, Kigali)

Uingereza, Ireland na Australia bado unaendeshwa kibiashara. Marekani, mashine za kamari na kasino ziliua kiwanja kimoja baada ya kingine. Florida ilifika mahali ambapo wenye kasino walilazimika kuendesha mbio za mbwa ili wasipoteze leseni za meza za karata, majukwaa yakiwa hayana mtu. Novemba 2018 wapiga kura wa jimbo hilo, asilimia 69, walizikomesha kuanzia mwisho wa 2020. Vimebaki viwanja viwili West Virginia. Kiwanja cha Macau kilifungwa 2018. New Zealand ilitangaza Desemba 2024 kwamba itazimaliza ifikapo 31 Julai 2026, na serikali ya Wales ikatangaza nia kama hiyo Februari 2025.

New South Wales, Australia, ni kisa cha peke yake. Mwaka 2015 televisheni ilionyesha wakufunzi wakitumia wanyama hai kama chambo cha mazoezi. Tume ikachunguza, ikakadiria kwamba mbwa kati ya 48,000 na 68,000 walikuwa wameuawa katika miaka 12 kwa kuonekana hawana kasi ya kutosha, na serikali ikatangaza kupiga marufuku Julai 2016. Oktoba mwaka huohuo, kwa shinikizo la wafugaji na vyombo vya habari, ikabatilisha uamuzi wake.

Tunaishi Leicester na watoto wanataka tuchukue grehaundi aliyestaafu. Tujihadhari na nini? (Mama wa watoto watatu)

Dada, habari njema kwanza: ni mbwa mvivu. Akipata matembezi mawili mafupi kwa siku, hulala sana.

Usimfungulie kamba mahali pasipo uzio. Akiona kitu kinakimbia hataisikia sauti yako, na ndani ya sekunde chache yuko ng'ambo ya barabara. Kola iwe pana, ya aina inayojikaza kidogo akivuta, kwa sababu shingo yake ni nene kuliko kichwa na kola ya kawaida huchomoka. Kama mna paka, waulizeni wanaomtoa kama amejaribiwa na paka. Wengine huzoea, wengine hawazoei kamwe. Amekulia bandani, kwa hiyo ngazi, vioo vya milango na sakafu laini ni vitu vipya kwake. Wekeni zulia penye vigae mpaka azoee. Hana mafuta mengi mwilini, na baridi ya Januari inamtaka avae koti.

La mwisho ni la kwa daktari. Kabla ya upasuaji wowote, hata wa kung'oa jino, mkumbusheni kwamba huyu ni grehaundi. Dawa za usingizi za aina ya thiopentali hukaa mwilini mwake muda mrefu kuliko kwa mbwa wengine, kwa uhaba wa mafuta na kwa namna ini lake linavyozivunja. Na daktari akimpima damu, wingi wa chembe nyekundu utaonekana wa juu kupita kawaida, asilimia 55 hadi 65 ya damu. Kwa grehaundi hiyo si dalili ya ugonjwa.